Kaburi la Olaudah Equiano



Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka Marehemu Wote ikikaribia, akina mama na vijana wetu huenda makaburini na majembe na mafyekeo. Huko hukuta makaburi ambayo hakuna mtu awezaye kusema ni ya nani. Msalaba wa mti umeliwa na mchwa, na tuta limelala sawasawa na ardhi. Kisha hutokea mtu aliyetoka mbali, akamwendea Padre na kumwomba amwonyeshe mahali alipozikwa babu yake. Padre hufungua kitabu cha maziko. Anauliza jina, naye mgeni anataja jina ambalo babu alijulikana nalo nyumbani. Kitabu hakina jina hilo. Mzee yule aliandikwa kwa jina la ubatizo tu, tena kwa namna karani alivyolisikia, na wakati mwingine karani alisikia vibaya.

Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na kila mara hunikumbusha Mwafrika mmoja mashuhuri ambaye kaburi lake limetafutwa kwa njia hiyo hiyo, katika vitabu vya makanisa ya London.

Huyo ni Olaudah Equiano. Kanisa la Uingereza limemweka katika kalenda yake tarehe 30 Julai, pamoja na William Wilberforce na Thomas Clarkson, kwa kuwa wote watatu waliupiga vita utumwa. Wilberforce amelala Westminster Abbey pamoja na wakuu wa nchi. Clarkson amelala kwenye kanisa la kijiji cha Playford, mashariki ya Uingereza. Ukitaka kusimama mbele ya makaburi yao utaonyeshwa. Wa tatu, ambaye kati yao ndiye peke yake aliyekuwa mtumwa, hakuna awezaye kukuonyesha kaburi lake. Mahali pake pamebaki mstari mmoja wa wino.

Kwa maelezo yake mwenyewe alizaliwa mnamo mwaka 1745 katika nchi ya Waigbo, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na mmoja, siku moja wakubwa walikuwa wamekwenda mashambani, na watu wakaruka ukuta wakamkamata yeye na dada yake. Wakawatenganisha, na hawakuishi pamoja tena. Yeye aliuzwa mkono hata mkono mpaka akafika pwani, akatiwa katika merikebu ya watumwa, akavushwa bahari hadi Barbados na kutoka huko hadi Virginia. Sina haja ya kueleza sana habari za merikebu zile. Sisi wa upande huu wa Afrika, ambao soko letu la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, tumesimuliwa ya kutosha na wazee wetu.

Hebu tuangalie majina aliyopewa, maana ndiyo yatakayotusaidia baadaye. Katika merikebu aliitwa Michael. Huko Virginia wakamwita Jacob. Kisha akanunuliwa na afisa wa manowari za Kiingereza, Michael Henry Pascal, naye akampa jina la Gustavus Vassa. Gustavus Vasa alikuwa mfalme wa Uswidi aliyewatoa watu wake chini ya utawala wa wageni, na mimi naona kwamba kumpa mtoto mtumwa jina hilo ulikuwa mzaha tu. Mtoto alilikataa, akataka kubaki Jacob. Akapigwa makofi mpaka akaitika. Jina lile alilokubali kwa makofi ndilo alilobatizwa nalo, akaolewa nalo mkewe, akaandika wosia kwalo, na akazikwa nalo.

Alikulia katika manowari wakati wa vita vya Waingereza na Wafaransa, akijifunza kusoma na kuandika kila alipopata nafasi. Jamaa za Pascal huko London, wanawake wawili wa ukoo wa Guerin, walimfundisha habari za dini, na kwa msaada wao alibatizwa tarehe 9 Februari 1759 katika Kanisa la Mtakatifu Margaret, lililo ubavuni mwa Westminster Abbey. Kitabu cha ubatizo cha kanisa lile kipo hata leo. Ndani yake imeandikwa kwamba aliyebatizwa ni Gustavus Vassa, mtu mweusi, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliyezaliwa Carolina. Msomaji aliweke akilini neno hilo Carolina, tutalirudia.

Kijana aliamini kwamba kwa kuwa amebatizwa, na kwa kuwa ametumika vitani, atapewa uhuru wake. Haikuwa hivyo. Mwezi wa Desemba 1762, vita vikiwa vinakwisha, Pascal alimkamata ghafula akamwuza kwa nahodha aliyekuwa akienda visiwa vya Amerika. Vassa alijitetea kwamba yeye ni Mkristo aliyebatizwa na hakuna sheria inayoruhusu auzwe. Haikumfaa kitu. Hata koti lake lilichukuliwa. Mimi ninaposoma habari hii huona uchungu kuliko ninaposoma ya merikebu ya kwanza, maana hawa waliomtenda hivyo walikuwa wamekaa naye miaka mingi, na jina lake lilikuwa katika kitabu cha kanisa.

Huko kisiwani Montserrat alinunuliwa na mfanya biashara jina lake Robert King, mtu wa madhehebu ya Wakweka, ambaye alimtuma katika vyombo vyake vilivyokwenda kisiwa hata kisiwa. Siku moja alinunua bilauri moja ya kioo kwa vijipesa vichache, akaiuza kisiwa kingine kwa mara mbili yake. Safari iliyofuata alinunua bilauri mbili. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, mara nyingine akinyang'anywa na wazungu waliojua kwamba mtumwa hawezi kuwashitaki, alikusanya pauni 40 za Kiingereza, ambayo ndiyo bei King aliyomnunulia. King alipoona fedha mezani alisitasita na kujutia ahadi yake, lakini nahodha aliyefanya kazi na Vassa alimshikilia mpaka akakubali. Tarehe 10 Julai 1766 akaandikiwa hati ya uhuru.

Baada ya hapo alisafiri sana. Mwaka 1773 alikuwa katika manowari ya Racehorse iliyokwenda kutafuta njia ya bahari karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, wakanaswa na barafu. Mwaka uliofuata, akiwa bandarini Cadiz nchini Hispania, aliongoka kwa namna iliyombadilisha moyo kabisa, na tangu hapo mambo ya Mungu yakawa ndiyo shauri lake kubwa. Mwaka 1779 alimwendea Askofu wa London, Robert Lowth, akamwomba amwekee mikono ili aende Afrika kuhubiri Injili. Askofu alimpokea kwa adabu, akamkatalia. Yafaa tulikumbuke jambo hilo sisi Waanglikana. Kanisa letu lilipata mtu aliyejua Afrika, aliyejua Maandiko, aliyekuwa tayari kwenda kwa hiari yake, nalo likamwambia arudi nyumbani.

Hakurudi nyumbani kukaa kimya. Mwaka 1783 ndiye aliyempelekea Granville Sharp habari za merikebu iitwayo Zong, ambayo mabaharia wake waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130 ili wenye merikebu wadai fidia ya bima. Sharp aliifanya habari ile ijulikane kote. Mwaka 1788 Vassa alimwandikia Malkia Charlotte kuwaombea watumwa wa visiwa vya Amerika. Na mwaka 1789 akatoa kitabu cha maisha yake mwenyewe. Juu ya kitabu hicho, pamoja na jina Gustavus Vassa, aliweka jina ambalo watu wa London hawakuwa wamelijua: Olaudah Equiano. Alikiuza mwenyewe, akizunguka miji ya Uingereza, Scotland na Ireland, na kilipigwa chapa mara tisa katika uhai wake. Watu wengi waliokuwa wamedhani kwamba habari za utumwa zimetiwa chumvi walizisoma sasa kwa mkono wa mtu aliyezipitia.

Tarehe 7 Aprili 1792 alifunga ndoa na mwanamke Mwingereza, Susannah Cullen, katika kanisa la Mtakatifu Andrea huko Soham, karibu na Cambridge. Walipata binti wawili: Ann Mary mwaka 1793, na Joanna mwaka 1795. Furaha yao haikudumu. Susannah alifariki Februari 1796, akazikwa Soham. Mumewe aliandika wosia mwezi wa Mei mwaka ule ule, akawaachia watoto mali yake. Aliagiza kwamba wote wawili wakifa kabla ya kutimiza miaka 21, nusu ya mali iende kwenye shule ya Sierra Leone, na nusu kwa chama kipya cha kupeleka wamisionari. Yule aliyekataliwa kwenda alitaka fedha zake ziende.

Alifariki tarehe 31 Machi 1797. Granville Sharp alimtembelea kitandani mwake, akakuta sauti imemtoka, anasema kwa kunong'ona tu. Sheria ya kukomesha biashara ya watumwa katika merikebu za Waingereza ilipita mwaka 1807, miaka kumi baada yake.

Sasa tuje kwenye kaburi. Magazeti yalitaja kifo chake, lakini kujua mahali alipolazwa ilikuwa kazi ya kupekua vitabu vya maziko. Uingereza ina bahati katika jambo hilo. Tangu mwaka 1538 kila parishi iliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko, na vitabu vingi vimehifadhiwa. Lakini taabu ya mtafutaji ni ile ile ya mgeni wetu wa makaburini. Akitafuta jina Equiano hapati kitu, kwa sababu hakuna karani aliyemwandika hivyo. Akitafuta Gustavus Vassa kwa herufi hizo hizo, bado anaweza kulipita. Akitafuta katika makanisa ya parishi tu, hapati pia, kwa kuwa hakuzikwa huko.

Alizikwa tarehe 6 Aprili 1797 kwenye kanisa alilolijenga George Whitefield katika barabara ya Tottenham Court. Whitefield alikuwa padre wa Kanisa la Uingereza aliyehubiri kwa nguvu hata nje ya makanisa, na Vassa alipata kumsikia huko Marekani. Tena Vassa alikuwa amewahi kukaa katika mtaa ulio karibu na kanisa lile. Padre Augustus Toplady, aliyetunga wimbo wa Mwamba ambao sisi sote tunaujua, naye alizikwa hapo mwaka 1778. Katika kitabu cha maziko mstari wa Mwafrika wetu unasema kwamba ni Gustus Vasa, miaka 52, wa parishi ya St. Marylebone. Gustus, si Gustavus. Vasa, kwa herufi moja ya s. Karani aliandika alichosikia, akaendelea na maiti wa pili. Mtafutaji asiyejua kusoma kwa sikio badala ya jicho angefunika kitabu na kwenda zake.

Mtu akipata mstari kama huo, hesabu ndogo humpa moyo. Toa 52 katika 1797, utapata 1745, mwaka ule ule ambao kitabu chake kinautaja. Bila shaka waliomzika walikuwa wamekisoma, au walimsikia mwenyewe akisema.

Lakini vitabu vya kanisa vilitoa pia neno ambalo wengi hawakulipenda. Mwishoni mwa karne ya 20 mwanahistoria Mmarekani, Vincent Carretta, alionyesha wazi maandishi ya ubatizo wa mwaka 1759, na pia orodha ya mabaharia wa Racehorse ya mwaka 1773, ambayo nayo inasema kwamba alizaliwa South Carolina. Je, alibuni habari za utoto wake Afrika? Wanahistoria wengine, kama Paul Lovejoy, wamejibu kwamba anajua mno mambo ya nchi ile kuwa mtu aliyeyasikia tu. Mabishano hayajaisha. Mimi si mwanahistoria, bali nimekaa na vitabu vya kanisa muda mrefu, nami najua kwamba karani huandika anachoambiwa, na siku ya ubatizo wa mtoto mtumwa wanaosema ni mabwana na bibi zake. Hayo yanaweza kueleza mwaka 1759. Kwa mwaka 1773, alipokuwa mtu mzima na huru, jibu langu halitoshi, nami nakiri hivyo. Anayefungua kitabu cha zamani ili kumtafuta mzee wake hana budi kuwa tayari kwa atakachokikuta.

Mstari wa maziko ulipatikana, kaburi halikupatikana. Uwanja wa kanisa la Whitefield ulijaa makaburi. Mwaka 1895 ukafanywa bustani ya watu wote. Kanisa lenyewe lilikuwa limechakaa na kubomolewa, likajengwa jipya mwaka 1899. Kisha siku ya Jumapili ya Mitende, tarehe 25 Machi 1945, vita kuu ikiwa karibu kwisha, roketi ya Wajerumani ilianguka hapo ikalivunja. Lililopo leo lilijengwa mwaka 1957, na waabuduo ndani yake ni jamii ya Kikristo ya Wamarekani. Pembeni mwake ni bustani, watu wa maofisini huketi kwenye mabenchi wakila chakula chao cha mchana. Equiano yumo humo chini mahali fulani, kama mifupa yake haikuondolewa katika kuchimba-chimba kote kule.

Watoto wake je? Ann Mary alimfuata baba yake miezi minne tu baadaye, tarehe 21 Julai 1797, akiwa na umri wa miaka mitatu na miezi tisa. Kwenye ukuta wa nje wa kanisa la Mtakatifu Andrea, Chesterton, Cambridge, kuna kibao cha jiwe kinachomkumbuka kwa mashairi, kikimwita Anna Maria na kumwambia mpita njia kwamba baba yake alikuwa Mwafrika. Kibao kilijulikana siku zote, kaburi halikujulikana. Mwaka 1977 msichana mmoja wa shule aliandika insha juu ya makaburi ya uwanja ule, akiyapitia moja moja, na miongoni mwa aliyoyaandika lilikuwamo jiwe dogo lililochakaa, lenye herufi za kwanza za jina la mtoto huyu na mwaka 1797. Insha ikawekwa. Miaka karibu hamsini ikapita kabla ya mtaalamu wa Cambridge kuisoma na kutambua maana yake, na mwaka 2025 habari ikatangazwa. Vijana wetu wa Sekondari wanaopenda kulalamika wakipewa daftari na kalamu kwenda makaburini, nawaomba waisome sentensi ile mara mbili.

Joanna aliishi. Mwaka 1816, alipotimiza miaka 21, alipokea urithi wa pauni 950, fedha ambayo mwanzo wake ni bilauri moja ya kioo. Mwaka 1821 aliolewa na Henry Bromley, mchungaji wa Wakongrigesheni, akafariki London tarehe 10 Machi 1857. Alizikwa Abney Park, Stoke Newington, makaburi makubwa yaliyofunguliwa mwaka 1840, ambapo kila maziko yaliandikwa. Hata hivyo naye alipotea, maana kitabuni hayumo kama Vassa. Yumo kama Bromley, na ni lazima kwanza mtu ajue habari za ndoa ndipo ajue jina la kutafuta. Miti na magugu yalikuwa yameyafunika makaburi mengi ya Abney Park. Mwanzoni mwa karne hii ya 21 jiwe lake lilipatikana limeanguka, likasimamishwa tena, na sasa linalindwa na sheria ya nchi.

Mwaka 2009, miaka 250 baada ya ubatizo wake, kibao cha kumkumbuka Equiano kiliwekwa katika Kanisa la Mtakatifu Margaret. Hicho ni kibao, si kaburi. Mwenye kutaka kulisoma jina lake juu ya kaburi la Mkristo wa nyumba yake, na aende Abney Park. Jiwe linasema kwamba aliyelala hapo ni Joanna, mke wa Henry Bromley, binti wa Gustavus Vassa, Mwafrika.